Basi likichemka Ngara, mtaji ndio unaoungua

Mwenye mtaji anayetaka kuingiza basi katika njia za Ngara na Biharamulo kwa kawaida huanza na hesabu nne: bei ya gari, dizeli, matairi na nauli. Hesabu hizo zikikubali, hununua gari, humtafuta dereva na kumpangia kiasi cha kuleta kila jioni. Ni wachache wanaoandika katika karatasi hiyo mkanda wa feni, kizibo cha rejeta na vichwa vya tairodi. Vitu hivyo ni vidogo na bei yake ni ndogo, lakini ndivyo vinavyoamua kama mkopo wa basi utalipwa au gari litaishia kuuzwa spea kwa spea.

Mfumo wa kupoza injini na mfumo wa usukani huharibika polepole, na yote miwili hutoa dalili mapema. Kwa sababu hiyo hasara yake nyingi inaweza kuepukwa. Tatizo kubwa la wenye mabasi madogo halipo kwa fundi. Lipo katika mapatano kati ya tajiri na dereva, ambayo mara nyingi hayampi mtu yeyote faida ya kulisimamisha gari kabla halijaharibika.

Njia inayopima injini

Gari linalotoka Biharamulo mjini kwenda Ngara hushika njia ya Lusahunga, ambako linaingia barabara kuu ya Ukanda wa Kati inayotoka Dar es Salaam kupitia Isaka na Nyakanazi. Kutoka Lusahunga hadi mpaka wa Rusumo ni takriban kilomita 90, kupitia Nyakahura na Benaco. Kabla ya mpaka kuna njia inayochepuka kwenda Ngara mjini na Kabanga, kwenye mpaka wa Burundi. Ni nchi ya milima. Gari hupanda, hushuka, kisha hupanda tena, na sehemu kubwa ya miinuko ya Ngara inazidi mita 1,500 kutoka usawa wa bahari.

Biashara ipo. Ndizi, maharage, mahindi, mihogo na kahawa vinatoka vijijini, na bidhaa za dukani zinakwenda mipakani. Daraja jipya la Rusumo na kituo cha pamoja cha mpaka vilizinduliwa rasmi Aprili 2016 na marais wa Tanzania na Rwanda wa wakati huo. Mfanyabiashara mdogo anayekwenda Kabanga au Rusumo hana lori. Mzigo wake unapanda juu ya basi au unaingia katika buti, na uzito huo hauonekani katika idadi ya viti.

Historia ya eneo inaeleza pia kwa nini kukwama njiani huku hakukuwa jambo dogo. Mwishoni mwa Aprili 1994, takriban Wanyarwanda 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara ndani ya siku moja hivi, na Benaco ikageuka kuwa moja ya kambi kubwa za wakimbizi duniani. Katika miaka iliyofuata ujambazi wa silaha uliongezeka katika mapori ya Ngara na Biharamulo, na mabasi yakawa yanapita kwa kusindikizwa na polisi. Basi lililochemka katikati ya pori kama Kasindaga liliachwa nyuma na msafara, likawa hatari kwa kila aliyekuwamo. Hata pasipo hatari ya aina hiyo, gari lililokwama mbali na gereji humgharimu mwenyewe kuliko lile lililosimamishwa stendi asubuhi.

Hesabu ya siku moja iliyopotea

Desemba 2023 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ilitangaza nauli ya kikomo ya shilingi 48.47 kwa abiria kwa kilomita kwa mabasi ya daraja la kawaida, kutoka shilingi 41.29. Tuchukue kiwango hicho kama mfano wa hesabu tu. Basi dogo lenye abiria 30 likisafiri kilomita 100 huingiza shilingi 145,410. Likienda na kurudi siku hiyo hiyo limeingiza shilingi 290,820 kabla ya mafuta, mishahara na ushuru.

Basi hilo likiunguza gasketi ya silinda hedi na kukaa gereji siku 10 kungoja spea kutoka Mwanza au Dar es Salaam, mapato yaliyopotea ni shilingi 2,908,200. Hapo bado haijahesabiwa gharama ya fundi, kusaga hedi, kulivuta gari wala kuwahamishia abiria basi jingine. Pia haijahesabiwa hasara ya wateja. Mama wa maharage aliyekosa siku ya gulio kwa sababu ya basi fulani, wiki inayofuata atapanda la jirani.

Upande wa pili wa hesabu kuna mkanda wa feni, hozi mbili, kizibo na madumu ya dawa ya rejeta. Kwa mabasi mengi ya daraja hili, vitu hivyo vyote kwa pamoja ni sehemu ndogo ya mapato ya siku 10. Mwekezaji hahitaji mtaalamu kumwambia upande gani wa mizani ni mzito.

Maji: kwa nini mlimani huchemka mapema

Kazi ya mfumo wa kupoza ni kuchukua joto kutoka ndani ya injini na kulitupa nje kwa hewa. Pampu ya maji husukuma maji kuzunguka silinda. Themostati hubaki imefunga hadi maji yafikie nyuzi 80 hivi, kisha hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta. Huko feni na upepo wa mwendo huyapoza, nayo hurudi tena kwenye injini. Kifaa kimoja katika mzunguko huo kikilegea, joto linajikusanya.

Usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100. Kadiri nchi inavyopanda, maji huchemka kwa joto dogo zaidi, na kwenye mita 1,500 huchemka kwa takriban nyuzi 95. Injini nyingi za dizeli hufanya kazi kwa joto la kati ya nyuzi 80 na 95. Maana yake ni kwamba kwenye miinuko ya Ngara, maji yaliyo wazi hayana nafasi yoyote ya kuvumilia mlima mrefu.

Kinachookoa hali ni kizibo cha rejeta. Kizibo kizima hufungia mgandamizo ndani ya mfumo, na mgandamizo huo huzuia maji kuchemka mapema. Kizibo cha kawaida kikiwa kizima, maji hayo hayo hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 115. Mpira wake ukipasuka au springi yake ikilegea, faida yote inatoweka. Kuna mwenye gari aliyebadilisha pampu na kuzibua rejeta mara mbili, na kumbe kosa lilikuwa kwenye kizibo. Ndiyo maana fundi makini huanza na kifaa cha bei ndogo kabla ya kufungua cha bei kubwa.

Makosa matatu yanayojirudia

Kosa la kwanza ni kutia maji ya mtoni au ya dimbwi. Maji hayo yana udongo na chumvi, na yakipashwa joto kila siku huacha gamba ndani ya mirija ya rejeta na kuzunguka silinda. Gamba hilo, hata likiwa jembamba, huzuia joto kutoka. Maji matupu pia huleta kutu, na katika injini za dizeli zenye silinda za kuvalishwa huchimba vitobo kwenye kuta za silinda upande wa maji. Dawa ya rejeta, ambayo wengi huiita kulanti, watu huidhani ni ya nchi za baridi kwa sababu huzuia maji kuganda. Hapa Kagera kazi yake ni kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Dawa ikikosekana kabisa, angalau yatumike maji safi ya mvua yaliyochujwa, na dawa itiwe mapema iwezekanavyo.

Kosa la pili ni kutoa themostati na kuitupa. Fundi wa njiani hufanya hivyo gari linapochemka, na mara nyingi linaonekana limepona. Katika baadhi ya injini, hata hivyo, themostati inapoelekeza maji kwenye rejeta huziba pia njia ya mkato. Ikitolewa, sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupoa, na gari huzidi kuchemka kwenye mlima. Katika injini nyingine gari hubaki baridi mno, likala mafuta zaidi na silinda zikachakaa haraka. Themostati iliyokwama hubadilishwa kwa nyingine, na kuipima ni rahisi. Itumbukizwe katika sufuria ya maji juu ya jiko. Isipofunguka kabla maji hayajachemka, imekufa.

Kosa la tatu ni kusahau upande wa nje wa rejeta. Vumbi la njia za udongo, mbegu za majani na wadudu hujaza mapezi yake mpaka hewa haipiti. Mabasi yenye injini nyuma yana hali mbaya zaidi, kwa kuwa rejeta yake huvuta vumbi linaloinuliwa na magurudumu yenyewe. Rejeta ioshwe kwa maji yasiyo na nguvu kubwa, kutoka upande wa ndani kwenda nje, ili uchafu urudi ulikotoka na mapezi yasipinde.

Kusoma dalili

Gari likichemka kwenye mlima tu, na likitulia kwenye tambarare, shaka iwe kwenye rejeta iliyoziba, feni isiyovuta vya kutosha au mzigo uliozidi. Likichemka linaposimama stendi huku injini ikinguruma, na likapoa linapokwenda, shaka iwe kwenye feni na mkanda wake. Mkanda ukibonyezwa kwa kidole gumba katikati ya puli mbili, unatakiwa ubonyee sentimita moja hadi moja na nusu. Ukibonyea zaidi unateleza. Usipobonyea kabisa unaua beringi za pampu.

Maji yakipungua kila siku bila kuonekana yanapovuja, itazamwe pampu ya maji. Chini yake kuna tundu dogo, na alama ya unyevu au kutu hapo ni taarifa kwamba sili imekwisha. Pampu ikiwa kavu na maji bado yanapungua, habari huwa mbaya zaidi. Mapovu yanayopanda ndani ya rejeta injini ikiwa inafanya kazi, moshi mweupe usioisha, au mafuta ya injini yenye rangi ya chai ya maziwa, ni dalili za gasketi ya silinda hedi kupasuka. Gari la namna hiyo lisitoke stendi hata kama abiria wamejaa.

Hozi nazo zibonyezwe zikiwa baridi. Iliyolainika kama mkate uliolowa, au iliyokauka na kupasuka nyufa, ina wiki chache. Dereva naye ajue kwamba geji ya joto haisemi kweli wakati wote. Maji yakiisha kabisa, kipimo hubaki katika hewa na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Mshale unaoanguka ghafla katikati ya mlima ni sababu ya kusimama.

Likishachemka

Dereva aondoe gari barabarani, aweke vigingi kwenye magurudumu na kuwashusha abiria upande ulio salama. Kama maji bado yapo, injini iachwe ikinguruma taratibu dakika chache ili joto lishuke sawasawa. Kama yamekwisha, izimwe mara moja. Kizibo kisifunguliwe gari likiwa la moto, kwa kuwa maji na mvuke vilivyofungiwa huruka na kuunguza uso na mikono. Kusubiri nusu saa au zaidi ni lazima. Maji yaongezwe kidogo kidogo, injini ikiwa imepoa. Maji baridi yakimwagwa kwenye injini ya moto hupasua hedi, na hapo hasara ya mkanda mmoja huwa hasara ya injini nzima.

Usukani hausubiri

Basi likichemka, husimama. Usukani ukikatika, haliwezi kuelekezwa. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mifumo hii miwili, na ndiyo sababu mwenye gari asikubali maneno ya “litatufikisha”.

Jaribio la kwanza halihitaji kifaa chochote. Injini ikiwa imewashwa na magurudumu yamenyooka, dereva azungushe usukani taratibu kushoto na kulia. Akione kiasi unachozunguka kabla magurudumu hayajaanza kugeuka. Kipimo halisi kipo katika kitabu cha gari husika, lakini upotevu unaoongezeka wiki hadi wiki ni taarifa ya uchakavu, hata kama dereva ameshauzoea. Wakati dereva anazungusha, fundi awe ameinama pembeni ya gurudumu, nje ya njia ya gari, akitazama vichwa vya tairodi, fimbo inayotoka kwenye boksi ya usukani, na bolti zinazoshika boksi hiyo kwenye chesisi. Kiungo kinachotikisika kabla ya kusukuma kingine ndicho kilichokwisha.

Jaribio la pili ni la kingpini. Ekseli ya mbele inyanyuliwe na kuwekwa juu ya vigingi imara, kisha gurudumu lishikwe juu na chini na kutikiswa. Likicheza, msaidizi akanyage breki. Mchezo ukitoweka, kosa liko kwenye beringi za gurudumu. Ukibaki, kosa liko kwenye kingpini na bushi zake. Likitikiswa kwa kushikwa kushoto na kulia, mchezo wake huelekeza kwenye tairodi. Dakika 10 za jaribio hilo humwondolea mwenye gari gharama ya kununua spea asiyoihitaji.

Usukani ukiwa mzito, lianze jambo la bei ndogo: upepo wa matairi ya mbele. Kisha kiangaliwe kiwango cha mafuta ya usukani, mkanda wa pampu yake na grisi ya kingpini. Mafuta yakiwa na povu, kuna hewa inayoingia kwenye mpira wa kunyonya. Pampu ikilia kila gari linapokata kona, mara nyingi mafuta yamepungua. Na kama yamepungua yamevuja mahali. Kuongeza kila asubuhi bila kutafuta yanapovujia ni kuahirisha hasara.

Gari likivutwa upande mmoja, ulinganishwe upepo wa matairi, kisha iguswe kwa tahadhari ringi ya kila gurudumu baada ya safari. Iliyo ya moto kuliko nyingine ina breki inayoshika. Likitangatanga barabarani ingawa dereva ameshika sawasawa, zitazamwe tairodi, alaimenti na yubolti za springi. Tairi la mbele linaloisha ukingo mmoja kama limepigwa randa linasema jambo hilo hilo, na tayari limeshaanza kula fedha.

Grisi ndiyo bima ya bei ndogo kuliko zote. Katika njia za vumbi na matope, viungo vyenye nafasi ya grisi vipigwe kila wiki mpaka grisi chafu itoke na safi ionekane. Kiungo cha usukani kisichomwe kwa kuchomelea, na kisifungwe waya. Kiungo kilichokwisha hutolewa na kuwekwa kipya, pamoja na pini yake ya kufungia nati.

Mifumo miwili katika mteremko mmoja

Wenye mabasi wengi huhesabu rejeta kuwa jambo la kuchelewa na usukani kuwa jambo la ajali. Kwenye barabara ya milima mambo hayo hukutana. Pampu ya usukani inaendeshwa na injini. Injini ikizimika kwa kuungua, msaada wa usukani unaondoka papo hapo, na basi lililokuwa linageuzwa kwa mkono mmoja linahitaji nguvu zote za dereva. Katika basi lenye breki za upepo, kompresa nayo inasimama, na upepo uliobaki ndani ya mitungi ni wa kukanyaga mara chache.

Katika baadhi ya mabasi madogo uhusiano huo uko karibu zaidi. Mkanda mmoja ndio unaozungusha pampu ya maji na pampu ya usukani. Ukikatika, mshale wa joto unapanda na usukani unakuwa mzito kwa wakati mmoja. Dereva anayejua hilo husimama mara moja. Asiyejua hung’ang’ana kumaliza kilima, na injini humzimikia kwenye kona inayofuata.

Kwa sababu hiyo hiyo, tabia ya kushuka mteremko kwa gia huru au kwa kuzima injini ili kuokoa dizeli si akiba. Inaondoa nguvu ya injini ya kuzuia mwendo, na injini ikizimwa inaondoa pia msaada wa usukani. Lita moja iliyookolewa hailingani na kinachowekwa rehani.

Anayenunua basi lililotumika

Mwekezaji mdogo mara nyingi hununua gari lililokwisha kutumika. Afike kulitazama asubuhi, kabla halijawashwa, na aguse injini kuhakikisha ni baridi. Muuzaji aliyelipasha moto mapema huenda anaficha jambo. Afungue kizibo na kutazama rangi ya maji. Ya kutu au yenye utando wa mafuta ni maelezo ya kutosha kuhusu matunzo yaliyopita. Aulize kama themostati ipo. Alipeleke gari kwenye mlima likiwa na mzigo, maana kuzunguka stendi hakuonyeshi lolote. Mwisho atazame matairi ya mbele na kufanya jaribio la usukani lililoelezwa hapo juu. Kila kosa linaloonekana ni hoja ya kushusha bei au ya kuondoka.

Katika spea, bei ndogo kupita kiasi ni onyo. Kichwa cha tairodi cha bandia hufanana na halisi mpaka siku kinapotoka. Kifaa cha usukani kilichotumika kisinunuliwe kamwe. Rejeta iliyotumika inaweza kununuliwa ikipimwa kwa mgandamizo mbele ya mnunuzi.

Nani analipia kusimama?

Dereva anayetakiwa kuleta kiasi kisichobadilika kila jioni ana sababu zote za kutosimama. Akisimamisha gari kwa ajili ya kelele ya pampu, upungufu ni wake. Gari likiunguza hedi, hasara ni ya tajiri. Mapatano ya namna hiyo yanamlipa dereva kwa kuendelea kuendesha gari bovu. Tajiri anayelalamika kwamba madereva hawatunzi gari aanze kwa kuyasoma mapatano yake mwenyewe.

Njia ya kurekebisha ni rahisi. Kwanza, sehemu ya mapato ya kila siku iwekwe pembeni kwa matengenezo kabla hesabu haijapokelewa, na fedha hizo zisiguswe kwa ada ya shule wala harusi. Pili, dereva apewe haki ya kulisimamisha gari kwa sababu ya joto au usukani bila kukatwa, mradi tu aandike sababu katika daftari la gari. Tatu, siku moja ya mwezi iwe ya gereji, ichaguliwe siku isiyo ya gulio, ili abiria wachache ndio wakose usafiri.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kila asubuhi kabla ya kuwasha gari: maji, mafuta ya injini, mafuta ya usukani, mkanda, upepo wa matairi na alama za kuvuja chini ya gari. Kila wiki: grisi, hozi, kuosha rejeta na kupima mchezo wa usukani. Kila mwezi: kunyanyua ekseli ya mbele, kukaza yubolti na kutazama kizibo. Baada ya muda uliotajwa na mtengenezaji, ambao kwa dawa ya kawaida ya rejeta mara nyingi ni miaka miwili: kumwaga maji yote, kusafisha mfumo na kutia upya. Ndani ya gari kusikosekane mkanda wa akiba, hozi moja ya juu, klipu na madumu mawili ya maji safi.

Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inadai gari liwe zima kabla halijaingia barabarani, na anayekiuka hukutana na askari. Lakini mkaguzi mkali kuliko wote ni mlima wa Ngara gari likiwa na mzigo kamili. Haupokei maelezo, na faini yake hulipwa na mwenye basi pamoja na abiria wake. Dumu la dawa na mkebe wa grisi vinunuliwe kabla ya kuufikia.